Mtakatifu Norbert: mpanda farasi aliyeangushwa na radi



Sisi tunaoishi Ngara na Biharamulo hatuhitaji mgeni wa kutueleza radi ni nini. Mvua za kwanza zinapokaribia, mwezi wa Septemba na Oktoba, joto linapanda, mawingu meusi yanajikusanya juu ya vilima, na kabla tone la kwanza halijaanguka ngurumo zinasikika. Mama anaanua maharage aliyoyaanika uani. Mchungaji anawaharakisha ng'ombe. Kijana wa bodaboda anaongeza mwendo ili amfikishe abiria kabla barabara haijawa utelezi. Wahangaza wanaiita inkuba, na si jina la kufanyia mzaha.

Hofu hiyo ina sababu. Eneo lote linalozunguka Ziwa Viktoria ni miongoni mwa sehemu za Afrika zinazopigwa sana na radi. Oktoba 2018 radi iliua wanafunzi sita wa shule ya msingi mjini Geita. Januari 2025 wanafunzi saba wa sekondari waliuawa na radi wilayani Bukombe, jirani na Biharamulo. Ng'ambo ya Rusumo, nchini Rwanda, mwezi Machi 2018 radi ilipiga kanisa moja katika wilaya ya Nyaruguru wakati waumini wako ibadani, watu 16 wakafa.

Katika misiba ya namna hii huwa tunasikia maneno ya aina mbili. Wengine wananong'ona kwamba radi imetumwa na mtu, na macho yanaanza kumtafuta bibi kizee fulani, au jirani aliyegombana na marehemu kwa ajili ya mpaka wa shamba. Wengine, na hawa ni wetu kabisa, tunasali nao rozari katika jumuiya, wanasema kwamba Mungu ameadhibu. Maneno ya kwanza yanaweza kumwaga damu ya asiye na hatia. Maneno ya pili yanamwongezea mzazi aliyefiwa jeraha juu ya jeraha.

Basi tumeona vema tusimulie maisha ya mtakatifu ambaye Kanisa linamkumbuka kila tarehe 6 Juni. Yeye mwenyewe aliangushwa na radi akiwa juu ya farasi, na maisha yake yote baada ya hapo yanatusaidia kuyajibu maneno hayo mawili.

Kleri asiye na mzigo

Norbert alizaliwa karibu na mwaka 1080 katika ukoo wa watawala wa Gennep, na maisha yake ya ujana yanahusishwa na mji wa Xanten, kando ya mto Rhine, katika nchi tunayoiita leo Ujerumani. Hakuwa mtoto wa kwanza wa kurithi mali, kwa hiyo alielekezwa kwenye Kanisa, kama ilivyokuwa desturi ya familia kubwa za siku hizo. Akiwa bado kijana alipewa nafasi ya ukanoni katika kanisa la Mtakatifu Viktor mjini Xanten. Kanoni alitakiwa kusali Masifu pamoja na wenzake kanisani na kuhudumia altare. Kwa kazi hiyo alipewa fungu la mapato ya kanisa.

Norbert alipokea mapato, ila sala aliwaachia wengine. Alipata ushemasi mdogo akaishia hapo, kwa sababu daraja za juu zingemfunga zaidi. Alikuwa na akili, sura nzuri na ulimi mtamu, na watu wa namna hiyo hutafutwa na wakubwa. Alihudumu kwa Askofu Mkuu Friedrich wa Köln, kisha akaingia katika nyumba ya mfalme Heinrich V. Huko maisha yalikuwa ya mavazi mazuri, karamu na safari za farasi.

Mwaka 1111 alikuwa katika msafara wa mfalme huyo kwenda Roma. Heinrich alimkamata Papa Paskali II na kumweka kizuizini ili kumlazimisha akubali matakwa yake juu ya uteuzi wa maaskofu. Inasimuliwa kwamba Norbert aliumizwa na jambo lile. Hata hivyo hakuuacha ufalme. Mwaka 1113 alitakiwa kuwa askofu wa Cambrai, akakataa. Moyo wake ulikwisha kugundua kwamba kuna kitu hakiko sawa, lakini miguu yake ilikuwa bado haijaondoka.

Tuseme ukweli, ndugu waseminari: hapa Norbert hakuwa jambazi. Alikuwa kleri wa kawaida aliyeridhika. Aliupenda utumishi kwa yale uliyompa, akaukwepa kwa yale uliyomdai. Tunamfahamu mtu huyu. Wakati mwingine tunakutana naye tunaponyoa ndevu asubuhi.

Siku ya radi

Mwaka 1115 Norbert alipanda farasi kwenda Vreden, magharibi mwa Xanten? La, ni mashariki ya mto Rhine, mwendo wa siku nzima kwa farasi. Alikuwa na mtumishi mmoja tu. Siku ilianza vizuri. Katikati ya safari, wakiwa sehemu ya wazi isiyo na nyumba karibu, mbingu zikabadilika ghafla, kama zinavyobadilika kwetu. Upepo ulivuma, giza likaingia, ngurumo zikaanza.

Masimulizi ya zamani yanasema radi ilipiga ardhi mbele kabisa ya farasi, ikachimba shimo, na hewa ikajaa harufu kali kama ya kiberiti. Farasi alianguka, na Norbert akatupwa chini. Alilala pale kama mfu kwa muda wa saa nzima hivi. Alipozinduka alikuwa mzima. Waandishi wa maisha yake wanasema alimwuliza Mungu anataka afanye nini, na akapata moyoni jibu la kuacha uovu, kutenda mema na kutafuta amani.

Wote waliomwandika wamemlinganisha na Mtakatifu Paulo njiani kuelekea Damasko. Wachoraji nao waliwaweka wote wawili chini ya farasi. Lakini tukisoma Matendo ya Mitume hatumkuti farasi wa Paulo. Huyo ni farasi wa wachoraji. Farasi wa Norbert ndiye anayesimuliwa na wale walioandika maisha yake.

Kwa nini mpanda farasi yuko hatarini

Hapa tusimame kidogo, kwa maana imani haikatazi kuuliza jambo linavyotendeka.

Radi ni umeme unaotafuta njia kati ya wingu na ardhi. Njia yake inapata joto la nyuzi takribani 30,000, mara kadhaa kuliko joto la uso wa jua, na hewa inayopanuka ghafla kwa joto hilo ndiyo inayotoa ngurumo. Umeme huo mara nyingi unapiga kilicho kirefu kuliko vilivyokizunguka: mti, mnara, paa. Mtu aliye juu ya farasi katika uwanda mtupu ndiye mti wa mahali hapo.

Kuna hatari ya pili, ambayo wengi hawaijui. Radi ikipiga ardhi, umeme hauishii pale pale. Unasambaa udongoni pande zote, ukipungua nguvu kadiri unavyokwenda mbali. Kama mguu wako mmoja uko karibu na pale ilipopiga na mwingine uko mbali, tofauti hiyo ya nguvu inausukuma umeme upande mguu mmoja na kushukia mwingine. Binadamu aliyesimama miguu ikiwa pamoja ana tofauti ndogo. Farasi na ng'ombe wana miguu ya mbele na ya nyuma iliyoachana zaidi ya mita moja, na moyo uko katikati ya njia hiyo. Ndiyo sababu radi moja inaweza kulaza ng'ombe kadhaa waliojikinga chini ya mti, na mchungaji aliyesimama kando akabaki hai.

Farasi si mnyama wetu. Pori la Biharamulo tangu zamani lina mbung'o, na ugonjwa wa nagana unawamaliza farasi haraka. Lakini wapanda pikipiki na baiskeli ni ndugu wa Norbert kabisa. Nao wanakatiza sehemu za wazi wakiwa juu kuliko nyasi, hawana kitu cha kuwafunika. Matairi ya mpira hayamkingi mtu na radi. Umeme uliovuka kilomita kadhaa za hewa hauzuiwi na unene wa vidole viwili vya mpira.

Uongofu wa miaka mitatu

Wahubiri wengi wakifika kwenye radi ya Norbert wanafunga hadithi. Kumbe kazi ilikuwa inaanza. Asubuhi iliyofuata Norbert hakuamka mtakatifu. Aliamka mtu mwenye hofu, na hofu huisha mvua ikikatika.

Yeye hakuiacha iishe bure. Alirudi Xanten akajitenga na ufalme. Alikwenda kwenye monasteri ya Siegburg, akajiweka chini ya uongozi wa abati Kuno, akakaa katika kimya, sala na kufunga. Kabla mwaka 1115 haujaisha aliomba kwa Askofu Mkuu Friedrich apewe ushemasi na upadre. Siku ya kupewa daraja alivua mavazi yake ya thamani mbele ya watu, akavaa vazi duni la toba.

Aliporudi kwa makanoni wenzake wa Xanten, alianza kuwahubiria juu ya maisha waliyokuwa wakiishi. Tunaweza kukisia walivyompokea. Jana alikuwa mezani pamoja nao, leo anawaonya. Kleri mmoja wa cheo cha chini alimtemea mate usoni, naye Norbert akajifuta na kunyamaza, akikumbuka dhambi zake mwenyewe. Kwa tabia aliyokuwa nayo zamani, na ukoo aliotoka, kunyamaza kule kulikuwa muujiza mkubwa kuliko kupona radi.

Mwaka 1118 alishtakiwa mbele ya sinodi mjini Fritzlar. Walisema anahubiri bila kutumwa, na anavaa kama mtawa hali si mtawa. Kuna ukweli ndani ya mashtaka hayo: bidii isiyo na utii inaweza kumharibu hata mtu mwema. Norbert alilielewa hilo. Alirudisha mapato yake yote ya kanisa kwa askofu mkuu, akauza mali yake na kuwagawia maskini, akabaki na vyombo vya Misa, nyumbu mmoja na fedha kidogo. Hata hivyo vya mwisho, nyumbu na fedha, aliviacha njiani. Yule mpanda farasi wa mfalme sasa alikuwa anatembea kwa miguu, tena mitupu, na majira ya baridi yalikuwa yanaingia.

Alitembea hivyo mpaka Saint-Gilles, kusini mwa Ufaransa, alikokuwako Papa Gelasio II. Aliomba kibali cha kuhubiri, akapewa ruhusa ya kuhubiri mahali popote. Aliyekuwa akihubiri kwa moto wa moyo wake mwenyewe sasa alihubiri kwa sababu Kanisa limemtuma.

Kaburi la Valenciennes

Sasa tunafika kwenye tukio ambalo tunaomba msomaji alishike vizuri.

Katika safari ya kurudi kaskazini Norbert alipata wenzake waliokubali kuishi kama yeye. Waliacha nyumba zao, wakatembea naye katika theluji, wakila walichopewa. Mwaka 1119, karibu na Pasaka, walifika Valenciennes. Huko wenzake watatu waliugua, wakafa, wakazikwa mjini humo. Norbert mwenyewe aliugua vibaya, akapona.

Tuwaweke watu hawa pamoja. Aliyekuwa akiishi ovyo alipigwa na radi akasimama mzima. Watu watatu walioacha yote kwa ajili ya Injili walikufa kwa uchovu na homa. Kama kila msiba ungekuwa adhabu na kila kupona kungekuwa tuzo, basi hesabu hii ingekuwa imeandikwa kinyume. Norbert alizika marafiki zake, na hakuna msimulizi anayesema alitafuta kosa lao.

Ni huko huko Valenciennes alikokutana na Burchard, askofu wa Cambrai. Wawili hawa walifahamiana katika nyumba ya mfalme, na kiti alichokalia Burchard ndicho Norbert alichokikataa. Askofu alipomwona rafiki yake wa zamani amevaa matambara, miguu imepasuka kwa baridi, alitokwa machozi. Kasisi wake, Hugo wa Fosses, aliuliza sababu ya kilio kile. Alipoelezwa, naye akaamua kumfuata Norbert. Huyu Hugo ndiye baadaye aliyeongoza shirika kwa miaka mingi. Radi ilimgusa mtu mmoja. Mfano wa mtu huyo ukawagusa wengi.

Prémontré na maisha ya pamoja

Papa aliyefuata, Kalisto II, alimweka Norbert chini ya uangalizi wa Bartolomeo, askofu wa Laon. Askofu huyo alimwonyesha sehemu kadhaa jimboni mwake, na Norbert akachagua bonde lenye unyevunyevu katikati ya msitu, panapoitwa Prémontré. Mwaka 1120 walianza kukaa pale. Usiku wa Noeli mwaka 1121 ndugu wa kwanza waliweka nadhiri, wakaifuata kanuni ya Mtakatifu Agustino. Walivaa kanzu nyeupe za sufu isiyotiwa rangi. Papa Honorio II alilithibitisha shirika mwaka 1126.

Jambo jipya lilikuwa nini? Wamonaki walikuwako tayari, na mapadre wa parokia walikuwako. Norbert aliunganisha mambo hayo mawili: mapadre waishi pamoja, wasali pamoja, wasiwe na mali ya mtu binafsi, na kutoka katika nyumba hiyo waende kuhubiri na kuhudumia watu. Wanawake nao walijiunga kwa wingi tangu mwanzo, na walei pia walishirikishwa.

Kwetu hili halisikiki geni sana. Wazee wetu wanamkumbuka Askofu Christopher Mwoleka, aliyeliongoza jimbo la Rulenge kuanzia 1969 hadi 1996, na ambaye alijulikana mbali kwa kuchagua kuishi pamoja na wanakijiji wa ujamaa, akishika jembe kama wao. Karne nane zinawatenganisha watu hawa wawili, lakini swali lao ni moja: nani ataamini neno la mchungaji anayekaa mbali na kundi?

Jambo jingine ni Ekaristi. Norbert aliadhimisha Misa kila siku katika zama ambazo mapadre wengi hawakufanya hivyo. Mwaka 1124 aliombwa msaada mjini Antwerp, ambako mafundisho ya mtu aitwaye Tanchelm yalikuwa yamewafanya wengi waidharau Ekaristi. Norbert na ndugu zake walikaa na watu wale, wakawafundisha kwa uvumilivu, na wengi wakarudi. Ndiyo sababu sanamu zake mara nyingi zinamwonyesha ameshika monstransi au kikombe. Alisifika pia kwa kupatanisha koo zilizokuwa zikiuana kwa kisasi. Alikuwa akiingia kijijini, anauliza nani hasemi na nani, na anaanzia hapo.

Mlinzi wa mlango

Mwaka 1126 Norbert alichaguliwa kuwa Askofu Mkuu wa Magdeburg, mashariki mwa Ujerumani. Hakuutafuta uaskofu huo. Aliingia mjini miguu mitupu, na alipofika kwenye nyumba ya askofu, mlinzi wa mlango alimzuia, akidhani ni ombaomba mwingine. Watu walipomkaripia mlinzi, Norbert alimtuliza na kuonyesha kwamba mlinzi ndiye aliyemtambua sawasawa.

Magdeburg haikuwa kazi rahisi. Wakubwa walikuwa wamejitwalia mali za Kanisa, na makleri wengi waliishi kama yeye alivyoishi Xanten. Alipoanza kurekebisha, alipata maadui. Kulikuwa na majaribio ya kumwua, na wakati mmoja ghasia zilimlazimisha kuuacha mji kwa muda. Alirudi. Katika mgawanyiko uliotokea mwaka 1130, watu wawili walipodai kiti cha Petro, alisimama na Inosenti II pamoja na Mtakatifu Bernardo, na mwaka 1133 alifuatana na mfalme Lothar hadi Roma. Safari ile ya pili ya Roma iliponya kumbukumbu ya ile ya kwanza: mwaka 1111 alikuwa upande wa mfalme aliyemfunga Papa, sasa alikuwa upande wa mfalme aliyemsaidia Papa kuingia mjini mwake.

Alirudi Magdeburg akiwa amechoka na mgonjwa, akafariki tarehe 6 Juni 1134. Papa Gregori XIII aliruhusu aheshimiwe kama mtakatifu mwaka 1582, na mwaka 1627 masalia yake yalihamishiwa abasia ya Strahov mjini Prague. Shirika lake lilitimiza miaka 900 mwaka 2021. Afrika yetu inalifahamu: mapadre wa abasia ya Tongerlo, Ubelgiji, walifika Uele, kaskazini mashariki ya Kongo, mwaka 1898.

Tujibu nini msibani

Turudi sasa kwenye maneno yale mawili tuliyoanza nayo.

Kwa anayesema radi imetumwa na mtu: Norbert alikuwa na sababu zote za kutafuta mchawi. Aliishi katika nyumba ya mfalme, mahali pa wivu na fitina. Alipozinduka hakuuliza ni nani aliyemtakia mabaya. Aliuliza Mungu anataka nini kwake. Swali la kwanza huzaa visasi, na katika mikoa yetu ya Kanda ya Ziwa tumekwisha kuzika bibi zetu kwa sababu ya swali hilo. Swali la pili lilizaa Prémontré. Katekista, kiongozi wa jumuiya, mseminari aliye likizo: ukifika msibani na kusikia mnong'ono huo, usikae kimya kwa kisingizio cha heshima. Sema waziwazi kwamba radi inatoka mawinguni, na kwamba kumshuku jirani ni dhambi.

Kwa anayesema Mungu ameadhibu: Bwana wetu mwenyewe alikwisha kutaja habari za watu kumi na wanane walioangukiwa na mnara wa Siloamu. Alikana kwamba walikuwa wakosefu kuliko wengine, kisha akawaita wote waliokuwa wakimsikiliza watubu. Tazama mpangilio huo. Msiba wa jirani hautupi ruhusa ya kumhukumu. Unatukumbusha kujichunguza wenyewe. Ndivyo alivyofanya Norbert. Alitumia radi kuihukumu nafsi yake tu. Watoto wa Geita na Bukombe walikuwa wanafunzi kama wanafunzi wote. Kwa wazazi wao tunapeleka sala, mikono ya kusaidia, na kimya chenye upendo.

Nasi tunaojiandaa kwa upadre, au tulio tayari katika utumishi, tusingoje farasi aanguke. Wengi hawapati saa ile moja ya kulala chini na kuzinduka. Tunachopata sisi ni kengele ya asubuhi, tafakari ya nusu saa, mkurugenzi wa roho, na ndugu wa chumba cha pili anayetuudhi. Hivyo vinatosha kuanza.

Mvua inapokuja

Mtakatifu Norbert hatafurahi tukimwomba atukinge huku tumesimama chini ya mwembe. Tuyazingatie haya, na tuyatangaze pia baada ya matangazo ya Jumapili.

Ukiona mwanga wa radi, hesabu sekunde mpaka usikie ngurumo. Kila sekunde tatu ni karibu kilomita moja. Zikiwa chini ya 30, radi iko karibu kiasi cha kukudhuru: ingia ndani ya nyumba imara au gari lililofungwa lenye bodi ya chuma. Usitoke mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho.

Mwendesha bodaboda, simamisha pikipiki, iache, uingie ndani. Usijikinge chini ya mti uliosimama peke yake. Mchungaji, usiwakusanye ng'ombe chini ya mti mmoja wala kando ya uzio wa waya, nawe usikae kati yao. Waalimu, michezo isimame ngurumo ya kwanza inaposikika. Viongozi wa vigango na shule, tuulize wataalamu kuhusu mitego ya radi kwa majengo tunayokusanyia watu. Gharama yake ni ndogo kuliko jeneza moja.

Na mtu akipigwa na radi, msimwogope. Mwili wake haubaki na umeme, unaweza kumgusa mara moja. Kama hapumui na moyo umesimama, anzeni kumkandamiza kifua bila kukawia huku mwingine akitafuta gari la kumpeleka hospitali. Wapo waliodhaniwa wamekufa wakarudi kwa sababu jirani hakukimbia.

Mwombezi wetu Norbert, uliyelala chini kama mfu ukainuliwa, utuombee sisi na wasafiri wote wa Ngara na Biharamulo, wachungaji wa ng'ombe na wachungaji wa roho. Waliofiwa uwaombee faraja. Nasi utuombee neema ya kuamka kabla ya ngurumo.

Amina.